Aliyebaki Mlangoni: Uchambuzi wa Kisa cha Kukusanya Kumbukumbu za Askari Mstaafu wa Zimamoto

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania. Majina ya watu, ya mtaa na ya kituo yameondolewa, na wahusika wanatajwa kwa kazi walizozifanya. Kimeandikwa kwa ajili ya wale ambao siku moja watapewa jukumu kama letu, yaani kukusanya yale ambayo wenzake wa kazini wanamkumbuka nayo marehemu na kuyasoma mbele ya watu waliompenda.

Marehemu aliajiriwa na halmashauri ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kikosi cha zimamoto kilipokuwa idara ndogo ya halmashauri na watu wakikiita "faya" tu, neno ambalo hadi leo limebaki kuwa jina la kituo cha basi katika Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, ndiyo iliyofungua njia ya vikosi hivyo kutoka mikononi mwa halmashauri na kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Marehemu aliyavuka mabadiliko hayo akiwa tayari mtu mzima, akavaa cheo kipya begani kwa miaka michache, kisha akastaafu kwa lazima alipotimiza miaka 60.

Jambo hilo la kihistoria ndilo lililoifanya kazi yetu kuwa ngumu kuliko tulivyotarajia. Vijana waliopo kituoni sasa walimfahamu kama mzee wa miaka ya mwisho, aliyekaa zaidi ghalani kuliko kwenye gari. Waliomfahamu akiwa na nguvu zake wameshastaafu na kutawanyika, wengine wamerudi kwao bara, wengine macho yamepungua nuru hata hawawezi kusoma ujumbe wa simu.

Alifariki asubuhi na kuzikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya Alasiri, kama ilivyo desturi, na kwa hiyo wenzake wengi hawakuwahi mazishi. Siku ya tatu, katika kundi la wastaafu la WhatsApp, mmoja wetu akapendekeza kwamba kwa kuwa hatukupata kumzika, basi tumsomee kumbukumbu siku ya arobaini. Wapo wanaosema arobaini haina msingi katika dini. Familia yenyewe iliamua kuifanya, nasi tukaifuata familia. Tuliteuliwa watu watatu: dereva mstaafu aliyefanya kazi naye zamu moja kwa miaka mingi, askari kijana wa kituo ambaye ana kompyuta, na mimi niliyekuwa karani wa kituo.

Mtiririko wa matukio

Wiki ya kwanza tulituma ujumbe mmoja kwa watu wote: "Tafadhali andika unachomkumbuka nacho marehemu." Majibu yalikuja mengi, tena upesi, na karibu yote yalikuwa sawa. Alikuwa mchapakazi. Alikuwa mcheshi. Alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Ametangulia, nasi tu nyuma yake. Askari kijana aliyapanga vizuri katika kurasa tatu, na tulipozisoma kwa sauti dereva akasema kwamba ukibadilisha jina hapo juu unaweza kumsomea mtu yeyote mji mzima. Alikuwa na haki.

Tukabadilisha swali, na badala ya kutuma ujumbe tukaanza kupiga simu na kuwatembelea waliokuwa karibu, tukirekodi sauti kwa idhini yao. Maswali sasa yalihusu mikono na midomo: alikuwa akiushika vipi mpira, alikukemea kwa kosa gani, alikula nini zamu ya usiku, ulikutana naye wapi mara ya mwisho. Hapo ndipo mtu akaanza kuonekana.

Fundi mmoja mstaafu alitueleza habari ya mipira. Siku hizo mipira ya kuzimia moto ilikuwa ya turubai, na turubai likihifadhiwa na unyevu huoza, kwa hiyo kila baada ya tukio mipira ilipandishwa mnarani ikaning'inia hadi ikauke. Marehemu hakuamini macho. Alikuwa akipitisha kiganja chake kuanzia kiunganishi cha juu hadi cha chini, taratibu, kisha anakinusa kiganja. Akipata harufu ya ukungu mpira hurudi juu, hata kama zamu imekwisha na watu wamevaa nguo za kwenda nyumbani. Alipoulaza kwenye gari alihakikisha mikunjo haiangukii pale ilipokunjwa juzi, kwa sababu mpira unaokunjwa mahali pamoja kila siku hupasuka mahali hapo siku ya kazi. Fundi alipokuwa akisimulia alikuwa akiikunja kanga ya mkewe iliyokuwa mkekani, akitusogezea mikunjo ili tuone.

Aliyekuwa mwendesha pampu alikumbuka hesabu. Gari lao lilibeba lita 5,000 za maji. Ukifungua lita 500 kwa dakika, una dakika 10, na baada ya hapo umeshika mpira mtupu mbele ya moto. Marehemu alikuwa akizitangaza dakika hizo kwa sauti huku akifanya kazi, na inasemekana wapo vijana waliozidhani kuwa dua.

Mama aliyekuwa akipokea simu katika chumba cha mawasiliano, ambaye kwanza tulimsahau kabisa, alitueleza kwamba marehemu kila aliporudi kutoka kwenye tukio alipita dirishani kwake na kumweleza mwisho wake. Wengine hawakufanya hivyo. Mama huyo alikuwa amesikia sauti ya mtu akilia kwenye simu, akaandika mtaa na saa, kisha akabaki na sauti hiyo hadi asubuhi bila kujua kama mtu huyo amepona. "Alijua kwamba na mimi nilikuwa kwenye moto ule," alisema.

Kisha likaja suala la soko. Watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walisimulia moto wa maduka ya soko uliotokea katika miaka ya 1990, na wote wanne wakasema kwamba marehemu aliingia ndani ya duka lililokuwa likiungua, akatoka na mtoto mgongoni. Ilikuwa ndiyo simulizi nzuri kuliko zote. Tuliiweka ukurasa wa kwanza.

Mimi kwa tabia ya ukarani niliomba nitazame daftari la matukio la mwaka ule, nipate tu tarehe. Madaftari ya enzi ya halmashauri yamerundikwa katika ghala, kurasa zimeshikana kwa unyevu, na ilibidi tuzitenganishe kwa wembe. Ingizo lenyewe lilikuwa la mistari minne. Liliandika saa ya simu, saa ya gari kutoka, kwamba mtu mmoja ameokolewa, na jina la askari aliyeingia ndani. Jina hilo halikuwa la marehemu. Lilikuwa la mwenzake wa zamu, ambaye yu hai, anaishi mkoa mwingine, na ambaye hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyemtaja.

Tulimpigia simu siku iliyofuata, tukaiweka sauti wazi juu ya meza, daftari likiwa pembeni. Dereva alimwamkia, wakaulizana hali na habari za watoto kwa muda mrefu kidogo, ndipo akamuuliza. Kule upande wa pili palikuwa kimya, tukasikia jogoo. "Niliyeingia ni mimi," akasema. "Yeye alibaki mlangoni na mpira. Lakini usiandike kwamba alibaki mlangoni ukaishia hapo. Ndani sikuona kitu. Nilichokuwa nikikifuata ni maji yake. Alikuwa akiyapiga ukutani juu ya kichwa changu, yananitangulia, na nilipogeuka kurudi yalinirudisha. Mkono wake ungetetemeka kidogo tu, tungezikwa wawili."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu soko. Dereva alitaka tuiache simulizi kama ilivyosimuliwa, kwa hoja kwamba marehemu hakuidai sifa hiyo mwenyewe, kwamba aliyeingia hakulalamika, na kwamba si busara kwenda nyumbani kwa wafiwa kupunguza sifa za marehemu wao. Askari kijana alitaka tuiondoe kabisa ili tusigombane na mtu. Mimi nilishikilia kwamba tuisimulie kama daftari na mwenye tukio walivyoisimulia. Sababu yangu haikuwa uadilifu mkubwa. Niliona tu kwamba simulizi ya pili inamhusu marehemu zaidi kuliko ya kwanza. Mtu anayeingia motoni akatoka na mtoto yumo katika kila mji. Mtu anayepitisha maji juu ya kichwa cha mwenzake bila kutikisika, huku akihesabu dakika kwa sauti, ni yuleyule aliyekuwa akinusa kiganja chake mnarani. Baada ya siku mbili dereva alikubali.

Uamuzi wa pili ulihusu kitambaa. Wastaafu watatu walisimulia kwa furaha jinsi marehemu alivyolowanisha kitambaa, akakifunga puani na kuingia kwenye moshi, kwa kuwa mitungi ya hewa haikutosha zamu nzima. Askari kijana, ambaye huwafundisha wageni wa kazi, alitaka kumbukumbu hiyo ifutwe. Kitambaa chenye maji huzuia masizi na joto kidogo, lakini hakizuii hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na ndiyo inayoua wengi. Zaidi ya hayo, mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza, la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tuliamua kuiacha kumbukumbu, kwa kuwa ilikuwa kweli na ilieleza umaskini wa vifaa wa enzi ile, ila tuiongezee sentensi moja ya maelezo mwishoni.

Uamuzi wa tatu tuliufanya bila kufikiri sana, na ndio ulioleta kero. Mmoja wa waliotutumia sauti alikuwa mtani wa marehemu. Makabila yao tunayaficha, lakini utani wenyewe ni wa jadi, wa aina ile iliyoko baina ya Wanyamwezi na Wazaramo tangu enzi za misafara. Alisema kwamba marehemu amekimbilia kaburini ili asilipe sahani ya pilau aliyokopa zamu ya Idi, na kwamba yeye hataondoka msibani bila kupewa baiskeli yake. Tulicheka sana. Tukauandika neno kwa neno.

Uamuzi wa nne ni ule ambao hatukuufanya. Mjane alikuwa katika eda ya miezi 4 na siku 10, na sisi wanaume watatu tuliona ni heshima tusimsumbue. Tulizungumza na mtoto wa kwanza wa kiume tu, tukahesabu kwamba familia imeshirikishwa.

Matokeo

Siku ya arobaini, baada ya kisomo na kabla ya chakula, askari kijana alisoma kurasa 12 tulizokuwa tumezichapa. Sehemu ya mipira na ile ya dirisha la chumba cha mawasiliano zilipokewa kwa ukimya ambao sijawahi kuuona katika shughuli ya watu wengi kiasi kile. Mama wa mawasiliano aliinama akajifunika ushungi.

Sehemu ya soko iliposomwa, mtoto wa kwanza alisimama. Alisema kwa adabu, lakini sauti ilimtoka kwa shida, kwamba tangu utotoni amesikia mitaani kuwa baba yake ndiye aliyeingia, na kwamba haoni sababu ya watu wa kazini kuja kumvua baba yake heshima ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyejibu. Dereva alinitazama kwa jicho ambalo nililistahili.

Aliyetutoa hapo ni mama wa mawasiliano. Aliondoka akaingia ndani kwa mjane, akakaa huko kitambo, kisha akarudi na ujumbe. Mjane alisema kwamba marehemu nyumbani hakuwahi kusema kwamba aliingia. Kila watu walipomsifu kwa jambo hilo barazani aliwakatiza, akamtaja mwenzake kwa jina, nao waliendelea kumsifu kana kwamba hawakusikia, mpaka akachoka kuwakatiza. Mtoto akaketi. Baadaye alitusindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa na wajibu wa kulifanya.

Mjane alituma na kitu kingine: kaunta buku iliyofungwa katika mfuko wa plastiki. Ndani, kwa kalamu ya risasi, marehemu alikuwa amechora vyanzo vya maji ya zimamoto vya mji mzima, kila kimoja na umbali wake kwa hatua kutoka kwenye kona, mti au mlango wa duka, pamoja na maelezo kama "kifuniko kizito" au "maji hafifu asubuhi". Inaonekana alikuwa akizunguka kwa miguu siku zake za mapumziko. Miti mingi imekatwa na maduka yamebadilishwa majina, lakini kituo kilitoa nakala, na baadhi ya vyanzo vilivyokuwa vimefunikwa na lami vilipatikana kwa kupima hatua tu. Vichache kati ya hivyo vilitoa maji.

Sehemu ya utani ilianguka vibaya. Wakwe waliotoka mkoa mwingine, ambao hawana utani wa namna ile, walisikia kijana aliyevaa sare akisoma kwa sauti ya utulivu kwamba marehemu wao alikufa na deni la pilau. Mzee mmoja aliuliza, bila tabasamu, deni hilo ni shilingi ngapi, alipe.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kubadilisha swali. Mtu akiombwa amsifu marehemu hutoa sifa, na Kiswahili kina sifa za msiba zilizokwisha kukatwa na kushonwa, tayari kwa kila mwili. Akiulizwa mpira ulishikwaje, inambidi auone mkono. Sikutarajia pia kwamba kusema kungezaa matunda kuliko kuandika, lakini wastaafu waliotuandikia maneno mawili walizungumza saa nzima walipotembelewa, na wengi walikumbuka kwa kutumia vitu: kanga, ndoo, fimbo iliyogeuzwa kuwa mpira.

Daftari lilituokoa, lakini nisilisifu kupita kiasi. Lilitaja nani aliingia. Halikusema lolote kuhusu maji yaliyomtangulia. Lingetuachia jina la mmoja na kumfuta mwingine, kama vile kumbukumbu za mdomo zilivyofanya kinyume chake. Ni kwa kuviweka pamoja, daftari mezani na sauti ya mtu kwenye simu, ndipo wote wawili walipoonekana mlangoni pale. Kuhusu wale wanne waliokosea, siamini kwamba walidanganya. Walikuwa wakimlilia mtu mmoja, na tendo kubwa la siku ile lilisogea lenyewe hadi kwa yule waliyekuwa wakimlilia, hasa kwa kuwa mwenye tendo alikuwa mbali na hai.

Kosa kubwa ni la mjane. Alikuwa na ukweli wa soko, alikuwa na kaunta buku, na tulikaa siku 37 bila kumuuliza kwa sababu ya eda, ilhali eda haimkatazi mwanamke kuzungumza na mwanamke mwenzake chumbani kwake. Tulikuwa na mtu wa kumtuma tangu mwanzo. Tulimchelewesha mama wa mawasiliano kama mtoa kumbukumbu kwa kuwa hakupanda gari la zimamoto, na hatukumfikiria kabisa kama mtu wa kamati. Makosa hayo mawili, kwa maoni yangu, ni kosa moja.

Utani haukuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba tuliuhamisha. Mtani ana leseni yake, na leseni hiyo hutembea na mwili wake, sura yake na sauti yake ya kuchokoza. Angesimama mwenyewe akaidai baiskeli, hata wakwe wangecheka. Ukiuandika na kumpa mwingine asome, unabaki kuwa tuhuma.

Sentensi yetu ya tahadhari kuhusu kitambaa ilishindwa kwa namna ya kuchekesha na kusikitisha. Msomaji alipofika hapo watu walipiga makofi kwa ushujaa wa marehemu, naye akasubiri, kisha akaruka mstari. Vijana wawili wa mafunzo waliokuwepo waliondoka na kitambaa bila maelezo. Tungeyaweka maelezo ndani ya simulizi yenyewe, kwa mfano kwa kueleza kikohozi kilichomfuata usiku wake, ambacho wastaafu walitutajia nasi tukakiacha.

Limebaki la mwenzake wa zamu. Hakuweza kusafiri kuja arobaini, kwa hiyo tulimtumia nakala kwa basi. Alipiga simu akashukuru, akasema ameridhika na habari ya maji, kisha akauliza tumelitoa wapi neno "mtoto". Hakuwa mtoto. Alikuwa mlinzi wa soko, mtu mzima, mnene, aliyelewa moshi na kulala sakafuni, na ndiyo maana kumtoa kulichukua muda mrefu na maji yakakaribia kuisha. Tulikuwa tumesahihisha aliyeingia, na hakuna kati yetu watatu aliyewaza kuuliza ni nani aliyetolewa. Nakala nyingi zilikuwa zimeshagawiwa. Katika zile tisa zilizobaki kituoni, nililikata neno hilo kwa kalamu na kuandika juu yake "mlinzi".